Stakabadhi za Baba

Nilifika Tabora tarehe 2 Desemba 2022, na usiku huohuo nikaenda mtaa wa Ng'ambo kuiangalia nyumba ya baba. Taa za mtaa mzima zilikuwa zinawaka. Kwa jirani wa kulia redio ilikuwa inaimba, kwa jirani wa kushoto watoto walikuwa wanasoma barazani chini ya globu. Nyumba yetu peke yake ilikuwa giza. Niliingia uani nikipapasa ukuta, nikamkuta mpangaji wa chumba cha mbele, mama muuza maandazi, anakanda unga kwa mwanga wa tochi ya simu aliyoiegemeza kwenye sufuria.

"Pole na kazi, dada. Umeme umekatika?"

"Umeme upo, dada. Uniti ndizo zimeisha."

"Mbona hamjanunua?"

Alinyamaza kidogo, akaligeuza donge la unga. "Leo tarehe mbili. Kila mtu anamngoja mwenzake. Atakayenunua wa kwanza ndiye atakayekatwa."

Nilielewa mara moja, na aibu ikanipanda mwilini. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nchini inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Wakati ule nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ya ghorofa 5,000 kwa kila ghorofa, na makato huingia kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Nyumba ya baba ina vyumba vinne vya kupangisha na mita moja. Sheria inasema kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na serikali ilipoulizwa kuhusu wapangaji ilijibu kwamba wapatane na wenye nyumba wao, warudishiwe kwenye kodi ya pango. Mwenye nyumba wa hapa ni mimi, ninayesimamia mali ya familia nikiwa Dar es Salaam. Kodi ya pango naipokea kwa simu kila baada ya miezi mitatu. Habari ya makato hayo niliisikia siku ilipotangazwa, na kwa miezi kumi na sita sikuwa nimemuuliza mtu yeyote pale uani ni nani anayeyalipa.

Aliyekuwa analipa ni yeye. Alifuta mikono kwenye kanga, akafungua ujumbe kwenye simu, akaninyooshea. Amenunua umeme wa 5,000. Siku za kawaida fedha hiyo huleta uniti 14. Mwanzo wa mwezi inaleta 11.2. Akarudisha nyuma mwezi mmoja mmoja: 11.2, 11.2, 11.2. Wenzake watatu walikuwa wamegundua kwamba yeye huamka saa tisa usiku kuchoma maandazi na hawezi kufanya kazi gizani, kwa hiyo wakajifunza kungoja. "Wanasema wanachangia umeme, hawachangii jengo," aliniambia. "Na mimi nawaelewa. Jengo si letu."

Mwezi ule aliamua kushindana nao kwa subira. Alikuwa siku ya pili gizani.

*

Asubuhi nilimsimulia mama yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenitengea chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo wazee wa kwetu hupenda kusema kwamba ndivyo vilivyoupa mji huu jina lake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaingia ndani akatoka na mkoba wa ngozi wa baba, uliopasuka kona zote.

Baba alikuwa mtu wa reli. Ndani ya mkoba ule aliweka vitu vitatu tu: kitabu cha benki, picha ya mama yake, na stakabadhi. Zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa mpira kufuata miaka. Kulikuwa na za kodi ya kiwanja, na kulikuwa na za kodi ya maendeleo, ile iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na kufutwa 2003. Nilipokuwa mtoto niliziogopa hizo za pili. Mgambo walikuwa wanapita alfajiri kugonga milango, na wanaume wasio na risiti walikuwa wanatokea dirishani kuelekea mashambani. Baba hakukimbia hata mara moja. Alikuwa anafungua mlango akiwa na shuka kiunoni, anatoa karatasi, anasubiri isomwe, anairudisha mkobani. Mimi nikijificha nyuma ya mama nilidhani karatasi ile ni hirizi.

Kazi halisi ya stakabadhi niliiona miaka ya 1990. Jirani mmoja alidai kwamba sehemu ya ua wetu, pale penye mwembe, ni ya kwake. Shauri lilikwenda baraza la kata. Hati ya kiwanja baba hakuwa nayo. Familia nyingi za mitaa ya zamani hazikuwa nayo. Alikwenda na mkoba. Alizipanga stakabadhi mezani moja baada ya nyingine, mwaka kwa mwaka, mpaka meza ikajaa, na wazee wakaanza kuzisoma kwa sauti: jina, namba ya kiwanja, kiasi, muhuri. Walipofika kama ya kumi na mbili, mwenyekiti aliinua mkono akasema imetosha. Mwembe ukabaki kwetu.

Mama alizishika zile karatasi mapajani, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Na hizi za sasa, mwanangu, ziko wapi?"

Ziko kwenye simu ya mpangaji. Na jina lililoandikwa kwenye ujumbe, kwa kuwa mita ilisajiliwa zamani na sisi hatukuwahi kubadilisha, ni la baba, aliyefariki 2009. Kwa hiyo kwa miezi kumi na sita kodi ya nyumba yetu ililipwa na mtu asiye na nyumba, kwa jina la mtu asiye hai, na mwenye mali akalala usingizi.

*

Siku ileile, swali la mama likiwa bado linanisumbua, nilikwenda Kwihara, kwenye tembe ambalo sasa ni makumbusho, ambako msafiri Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Tulipelekwa pale na walimu tukiwa shule ya msingi, tukaonyeshwa vyumba na milango ya kuchongwa. Safari hii nilikwenda kutafuta kitu ambacho walimu walikitaja kwa neno moja tu wakapita: hongo.

Leo neno hili tunalitumia kwa rushwa. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi kwa kupita katika nchi yake. Ulilipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na waya za shaba. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji misafara ilipita Ugogo, iliyosifika kwa ukali wa hongo kwa sababu kisima kilikuwa cha mwenyeji na mgeni alikuwa na kiu. Ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikapumzika hapa Unyanyembe. Treni iliyonileta ilifuata karibu njia ileile, kwani Wajerumani walipoifikisha reli Tabora mwaka 1912 walikuwa wanafuata nyayo za Wanyamwezi waliobeba mizigo mabegani kabla yao.

Ugomvi mkubwa wa kodi katika mji wetu ulizuka mwishoni mwa miaka ya 1850. Mtemi Fundikira alikuwa amewaacha wafanyabiashara kutoka Oman na Zanzibar wakae na kuuza bila kutozwa. Mrithi wake, Mnywa Sere, alidai ushuru kwenye bidhaa zote zinazoingia. Wafanyabiashara walikataa, vita ikapigwa, wakamfukuza na kumweka Mkasiwa mahali pake. Msafiri Mwingereza Speke alipopita mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha akashindwa. Mnywa Sere alitangatanga na jeshi lake mpaka alipouawa mwaka 1865. Miaka michache baadaye akatokea Mirambo wa Urambo, naye mwaka 1871 akaifunga kabisa njia ya Ujiji, na bei ya pembe za ndovu ikatikisika hadi pwani.

Nilikaa kwenye kivuli cha tembe nikiwaza mambo hayo, na somo la kwanza likanijia wazi. Katika ugomvi wa Mnywa Sere, aliyekuwa na uwezo mkubwa alikataa kulipa na akabadilisha hata mtozaji. Aliyekuwa mdogo, mpagazi mwenye mzigo kichwani, hakuulizwa. Kodi huenda mahali pasipo na upinzani kama maji yanavyotafuta bonde. Julai 2022 Tanzania ilianza kudai asilimia 2 ya mapato ya kampuni za kigeni zinazouza huduma za kidijitali hapa bila kuwa na ofisi nchini, na dunia nzima bado inabishana jinsi ya kuwatoza wafanyabiashara wa aina hiyo, maana hawana tembe wala mlango wa kugongwa. Mama muuza maandazi ana mita ukutani. Mashine haikumchagua kwa chuki. Ilimkuta karibu.

Somo la pili lilitoka kwa msafiri mwingine, Stanley. Novemba 1871 akitokea Unyanyembe kwenda Ujiji, alipita Uha na kutozwa hongo mara kadhaa, kila kituo na mkubwa wake. Alipoambiwa kuna wengine mbele, aliuchepusha msafara usiku, wakapita porini kimyakimya hadi wakatoka nje ya nchi ya Waha. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka shangazi yangu, anayenunua asali Sikonge na kuituma Dar es Salaam kwa basi. Julai 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, alinipigia simu akasema fedha ya madumu yake nisimtumie kwa simu. Nimpe kondakta, ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nguo. Kwa miaka kumi alikuwa amezoea kupokea fedha dakika ileile asali inapofika. Sasa alikuwa anakaa kituo cha basi hadi usiku akingoja bahasha. Uganda mwaka 2018 walipotozwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, watu wengi walipita kwa njia za VPN. Msafara ukizidiwa huingia porini. Serikali yetu nayo iliona: Septemba 2021 tozo ile ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Shangazi hakurudi kwenye simu mara moja. Imani iliyoondoka kwa siku moja ilimchukua zaidi ya mwaka kurudi.

Somo la tatu ndilo lililonishika zaidi. Speke alipokuwa kaskazini ya Unyanyembe, katika nchi ya Wazinza, aliteswa na hongo wiki nyingi. Mtemi alikuwa anadai, yeye anapunguza, wajumbe wanakwenda na kurudi, kitambaa kinapimwa kwa mkono, kinakataliwa, kinaongezwa. Ilikuwa taabu. Lakini kila mara mapatano yalipofikiwa, ngoma ilipigwa. Ngoma ile ilikuwa tangazo la kuridhika: mgeni amelipa, mtemi amepokea, hakuna mwingine wa kumgusa, njia iko wazi. Tangu hapo ulinzi wake ulikuwa juu ya aliyepokea.

Sitaki kuipamba hongo. Ilikuwa na uonevu wake, na misafara yenyewe ilibeba pembe na kuburuta watumwa. Kodi ya nyumba ya Wajerumani iliyofuata, rupia 3 kwa nyumba kuanzia 1898, ilikuwa na uonevu zaidi. Ndiyo iliyowasukuma Wanyamwezi wengi kwenda mashamba ya pwani kutafuta rupia. Lakini hongo ilikuwa na vitu viwili ambavyo stakabadhi za baba pia zilikuwa navyo, na ambavyo tokeni ya LUKU haina. Mlipaji na mpokeaji walionana. Na malipo yalikuwa na mwisho unaosikika.

*

Kuna watakaosema namlilia mgambo. La. Namkumbuka vizuri anavyogonga mlango, na nawakumbuka waliokuwa wanalipa nusu kwenye karatasi na nusu mfukoni mwa mtu. Mita haipokei rushwa, haitukani, haiji alfajiri. Kwa miaka mingi kodi ya majengo ilikuwa haikusanyiki: ilikuwa mikononi mwa halmashauri, mwaka wa fedha 2016/17 ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), foleni za mwisho wa mwezi Juni zikawa ndefu, na wengi hawakulipa kabisa. Mji unahitaji mitaro na taa. Kodi hiyo kwa nyumba ya vyumba vinne si fedha ya kumfilisi mwenye nyumba, na kuilipa kidogokidogo ni nafuu kuliko kuilipa kwa mkupuo. Nasimama upande wa wanaosema njia hii ibaki.

Ninachopinga ni kule kusahau kwamba umeme ni wa anayeutumia na jengo ni la anayelimiliki. Kiswahili chetu kimetutegea mtego hapa. Kodi ni kile mpangaji anachompa mwenye nyumba, na kodi ni kile mwenye nyumba anachoipa serikali. Ukisema "nimelipa kodi ya nyumba," msikilizaji lazima akuulize ipi. Mashine haiulizi. Imezichanganya hizi mbili katika ujumbe mmoja wa simu, na sisi wenye nyumba tumenyamaza kwa kuwa mchanganyiko huo unatufaa. Wapo wanaolalamika barazani kwamba serikali inawaonea wapangaji, na hao hao wana vyumba sita na mita moja. Nilikuwa mmoja wao. Serikali ilituachia tupatane, nasi tukaita ukimya wetu mapatano.

Tena hasara si ya mpangaji peke yake. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyosema. Tulicho nacho sisi ni haki ya kuitumia. Haki ya namna hiyo hushikiliwa kwa karatasi na kwa ushahidi wa majirani. Kwa familia isiyo na hati, kulipa kodi kwa jina lako ni sehemu ya kuwa na nyumba. Baba aliushinda ubishi wa mwembe kwa kuwa alikuwa ameonana na karani kila mwaka na kuondoka na muhuri. Ningeitwa mimi baraza la kata leo, ningeweka nini mezani? Ningemwomba mama muuza maandazi aniazime simu.

*

Jioni nilirudi Ng'ambo. Nyumba ilikuwa inawaka. Alikuwa ameshindwa subira, amenunua, amekatwa. Jumla miezi kumi na saba. Niliwaita wapangaji wote wanne uani, chini ya ule mwembe, nikamhesabia mbele yao shilingi 17,000. Alizihesabu tena, akazifunga kwenye pindo la kanga. Niliwaomba radhi wote, hasa yeye, na nikasema kuanzia Januari mimi nitakuwa wa kwanza kununua kila mwezi.

Mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa bodaboda, aliinua kichwa. "Kwa hiyo sisi wengine tulimkosea?"

Hakuna aliyemjibu. Mama muuza maandazi alisema, "Yamekwisha," akaenda kugeuza maandazi.

Baadaye mimi na wadogo zangu tulikwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, jambo tulilolikwepa miaka kumi na tatu kwa kuogopa kugombana. Hatukugombana. Kubadilisha jina kwenye mita kulihitaji karatasi ya msimamizi wa mirathi, na karatasi hiyo ilihitaji tukae pamoja na kutaja kwa sauti kila kilichokuwa cha baba. Nyumba iliyokuwa inaelea hewani ikapata mwenyewe.

Sasa kila tarehe mosi naweka saa iniamshe saa nane na nusu usiku. Nanunua umeme wa nyumba ya Ng'ambo. Mwaka 2023 kodi ilipopanda kuwa 1,500 kwa mwezi nikaongeza kiasi, ili juu ya kodi zibaki uniti chache za kuanzia mwezi. Namtumia mama muuza maandazi tokeni, tarakimu ishirini. Ujumbe wa malipo nauchapa kwenye karatasi, na nikienda Tabora nampelekea mama, naye anauingiza mkobani chini ya mpira uleule, mwaka kwa mwaka.

Huwa silali mpaka ajibu. Dar es Salaam kimya, feni inazunguka, nangoja. Kisha simu inatikisika juu ya meza na kutoa mlio mmoja mfupi, na ujumbe wake huwa neno moja: "Imeingia."